Kabla ya mfalme alikuwepo mtu wa stoo

Wengi mliokosa mkutano wa Jumamosi mmeniomba niiweke hotuba yote, basi ndio hii, nimeiacha kama nilivyoongea, picha za ukutani tu ndo nimeziruka.

Mheshimiwa mwenyekiti, meza kuu, wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu, itifaki naomba ihesabike imezingatiwa maana nikianza kutaja majina chakula cha mchana kitapoa. Wazee shikamooni.

Mwenyekiti alinipigia simu akaniambia njoo uwaongeleshe watunza ghala na makarani wa vyama vya msingi kuhusu ustaarabu wa kale, nikamuuliza mbona makarani, mbona sio wanafunzi, akasema wewe njoo tu, wamechoka na semina za mizani. Nimekaa nikawaza nikaona kumbe amenipa watu wenyewe hasa. Ukimuuliza mtu mtaani ustaarabu ulianzaje atakutajia mafarao, piramidi, wafalme na mikuki. Stoo haitajwi na mtu. Mimi leo nimekuja kuwaambia kwamba miji ya kwanza duniani ilisimama juu ya kazi yenu ninyi: kupokea mzigo, kuupima, kuuandika, kuutoa. Funguo za ghala anashika nani? Na anayesubiri mlangoni anapewa kiasi gani? Hayo maswali mawili ndio nitakayozunguka nayo leo.

Tuanze mbali kidogo. Shuleni tulifundishwa hivi, binadamu alikuwa anawinda, akagundua kilimo, kilimo kikaleta ziada, ziada ikaleta mji, mji ukaleta mfalme, kwisha habari. Kwa mtihani inafaa. Ila wachimbaji wameivuruga. Kusini mashariki mwa Uturuki, jirani na mji wa Şanlıurfa, kuna kilima kinaitwa Göbekli Tepe, Mjerumani mmoja Klaus Schmidt alianza kuchimba pale mwaka 1995 akakuta nguzo za mawe zenye umbo la herufi T, nyingine zinafika mita 5 na nusu kwenda juu, zimechongwa mbweha, nge, nyoka na ndege, na umri wake unaanzia kama 9500 KK. Mifupa iliyotupwa pale ni ya wanyama wa porini, swala kibao. Yaani waliosimamisha yale mawe hawakuwa na ngano ya kupanda wala mbuzi wa kufuga! Sasa niambieni ninyi mliowahi kuandaa hata harusi, kusimamisha jiwe la tani kadhaa kunataka watu wangapi, na hao watu wanakula nini mpaka kazi iishe?

Kwahiyo mkusanyiko ulitangulia shamba. Hata mkate ulitangulia shamba, huko Jordan sehemu inaitwa Shubayqa wamekuta mabaki ya mkate yaliyoungua yenye miaka kama 14,400, miaka elfu nne na zaidi kabla ya kilimo, watu walikuwa wanaokota nafaka za porini wanasaga wanaoka. Walijua utamu kabla ya jembe.

Kilimo chenyewe kilikuja polepole mno, na kilikuja kwa njia ambayo aliyekuwa anaifanya hakujua anafanya nini. Ngano ya porini ikiiva suke linapukutika, punje zinaanguka chini zenyewe, ndivyo inavyojipanda. Lakini kila shamba la porini lina mashina machache yenye kasoro, suke halipukutiki, linang'ang'ania. Wewe unakuja na mundu wako wa jiwe unakata unabeba nyumbani, utakuwa umebeba zipi kwa wingi? Zile zilizong'ang'ania, nyingine zimeshamwagika. Mwaka unaofuata unapanda hizohizo. Ukienda hivyo karne na karne unapata ngano ambayo haiwezi tena kujipanda bila binadamu, na binadamu ambaye hawezi tena kuhama akaiacha. Wote wawili wamenasa.

Hapo ndo stoo inapozaliwa, maana mavuno yanakuja mara moja na tumbo linakuja kila siku.

Sasa sikilizeni hii kwa makini. Kuna sehemu nyingine hukohuko Uturuki inaitwa Çatalhöyük, ilikaliwa kuanzia kama 7100 KK kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, mitaa hamna, milango hamna, unapanda juu ya mapaa unatembea mpaka kwako unashuka kwa ngazi kupitia tundu la dari. Wafu wao waliwazika ndani, chini ya sakafu wanapolala. Wamechimba wamechimba, ikulu hawajaiona, ghala kuu hawajaliona. Kila nyumba ina chumba chake cha pembeni chenye mapipa ya udongo ya kuwekea nafaka. Kila mtu na stoo yake! Na waliishi hivyo vizazi na vizazi. Kwahiyo yule anayesema watu wakiwa wengi lazima apatikane bosi mmoja wa kushika chakula cha wote, mimi namwambia nenda kaangalie Çatalhöyük. Haikuwa lazima. Kuna mahali watu walichagua, au walijikuta, wameingia kwenye mpango mwingine.

Mahali penyewe ni kusini mwa Iraki. Na hapa nitakaa sana, mnisamehe.

Ile nchi ukiiangalia huwezi kudhani kuna mtu angejenga kitu pale. Mvua haifiki milimita 200 kwa mwaka, huwezi kulima kwa kutegemea mbingu. Mawe ya kujengea hamna, mbao nzuri hamna, madini hamna. Kuna mito miwili, Frati na Tigrisi, na tope. Tena mito yenyewe ina ukorofi, Nile inafurika mwishoni mwa kiangazi inaacha udongo umelowa mkulima anapanda kwa raha zake, hii inafurika Aprili na Mei wakati shayiri imesimama shambani inasubiri kuvunwa. Kwahiyo unatakiwa mwezi mmoja uyazuie maji, miezi mingine uyaite. Matuta, mifereji, milango ya maji, kuzoa tope kila mwaka. Familia moja haiwezi. Lakini mkiweza, udongo ule unazaa kupita kiasi.

Ndani ya tope hilo ukakua mji wa Uruk. Kufika kama 3200 KK unakadiriwa ulikuwa na watu kama 40,000, na duniani wakati huo haukuwa na mpinzani. Jamani watu elfu arobaini ambao wengi wao hawajuani, na wapo mafundi, wafumaji, wapishi wa bia, makuhani, watu ambao hawalimi kabisa. Wanakulaje?

Wachimbaji wamekuta jibu limetupwa kila kona. Ni bakuli. Bakuli baya kweli, udongo mbovu uliochanganywa na makapi, limebanwa ndani ya kishimo au kalibu, mdomo umekatwa mshazari kwa haraka, hakuna pambo, hakuna rangi, unaona hadi alama za vidole vya aliyelifinyanga. Watu ambao kwa zaidi ya miaka elfu mbili walikuwa wanajua kuchora vyungu vizuri, ghafla wanatengeneza haya kwa maelfu na kuyatupa. Wapo watafiti wanaosema yalikuwa ya kuokea mkate, inawezekana. Lakini wengi wanasema ni kipimo cha posho, na mimi niko upande wao kwa sababu ya kitu kimoja: maandishi ya kwanza kabisa ya Uruk, alama ya chakula imechorwa kama bakuli lilelile, na alama ya kula au kupewa posho ni kichwa cha mtu na bakuli mbele ya mdomo wake. Kichwa na bakuli. Sijui kama kuna mchoro unaoeleza kazi za mshahara vizuri kuliko huo.

Na hayo maandishi yalitoka wapi? Hapa ndo penu. Miaka elfu kadhaa kabla ya maandishi, watu wa Mashariki ya Kati walikuwa na vidude vidogo vya udongo, vya duara, vya pembetatu, vya kama kisahani, wengi wanaamini kila umbo lilisimamia kitu, kipimo cha nafaka, kondoo, mtungi wa mafuta. Mtafiti Denise Schmandt-Besserat amevifuatilia kwa miaka mingi kwenye makumbusho mbalimbali. Kwenye 3500 KK hivi wakaanza kuvifungia ndani ya mpira wa udongo wenye uwazi, mpira unazibwa, muhuri unaviringishwa juu yake udongo ukiwa bado mbichi. Mwenye mzigo, mpokeaji, na idadi, vyote viko pamoja na hakuna wa kuchezea bila kuuvunja. Mnaona ni nini hicho? Ni stakabadhi ghalani! Tena isiyopigwa fotokopi. (Hapa watu walicheka, meza kuu wakacheka zaidi.)

Shida yake mnaijua. Ukitaka kujua ndani kuna nini mpaka uuvunje. Kwahiyo karani mmoja, au makarani mia kwa nyakati tofauti, wakaanza kugandamiza vile vidude nje ya mpira kwanza ndipo wavitie ndani, ili idadi isomeke juujuu. Ikishasomeka juu, vya ndani vya nini? Wakaacha kuvitia. Mpira wenyewe wa nini? Wakaubapa ukawa kibao. Alafu wakaanza kuchora kwa kijiti. Tumepata maandishi.

Vibao vya namna hiyo vya mwanzo vipo kama 5,000 kutoka Uruk peke yake, na kwa kila 100 kama 85 ni hesabu za stoo. Vilivyobaki ni orodha za maneno za kufundishia makarani wapya, orodha ya vyeo, ya miji, ya samaki. Hamna sala. Hamna shairi. Hamna hadithi ya mfalme. Shairi la kwanza ambalo tunajua jina la mtunzi wake ni la mwanamke, Enheduanna, kuhani mkuu wa mji wa Uru na binti wa mfalme Sargon wa Akkad, na huyo kaja kama miaka 900 baadaye! Washairi mtanisamehe, ninyi mlikuta kalamu imeshaandaliwa na watu wa stoo.

Na jina la mtu la zamani kuliko yote tunaloweza kulisoma, ni la nani mnadhani? Shujaa? Mtume? Kuna kibao kimeandikwa shayiri, vipimo 29,086, miezi 37, na chini kuna alama zinazosomeka Kushim. Huyu Kushim anaonekana kwenye vibao vingine kadhaa, anapokea shayiri na kimea cha kutengenezea bia. Wengine wanasema hilo ni jina la cheo tu sio la mtu. Mimi sibishani nao, kama ni cheo basi cheo chenyewe ni cha mtunza stoo, bado mmeshinda.

Lakini wandugu zangu tusijipongeze mno. Ukishashika kipimo umeshika watu. Kufika enzi za wafalme wa Uru, karne ya 21 KK, vibao vinatuonyesha posho ya kawaida ya mwezi, mwanaume shayiri kama lita 60, mwanamke 30. Na hao wanawake walikuwa maelfu kwenye karakana za kufuma sufu, wana watoto wao mgongoni, na watoto nao wanaandikwa kwa vipimo vyao. Nguo walizofuma ndizo zilizouzwa nje kutafuta shaba na mawe ya thamani. Kalamu ilikuwa safi sana, kila kitu kimeandikwa, kimejumlishwa, kimehakikiwa. Aliyelala njaa hesabu yake iko sahihi.

Nihamie kwenye maji na mipaka, hili nalo linawahusu.

Miji ya Lagash na Umma ilikuwa jirani, kati yao kuna shamba zuri linaitwa Guedena. Mfalme wa nje, Mesilim wa Kish, aliitwa kusuluhisha, akapima, akasimamisha jiwe la mpaka. Kiongozi wa Umma akaling'oa. Mnacheka, kwenu hamna watu wanaong'oa mawe ya mpaka? Wakapigana, kama 2450 KK Eannatum wa Lagash akashinda akachonga jiwe kubwa la kumbukumbu, vipande vyake viko makumbusho ya Louvre, Paris, askari wamejipanga ngao kwa ngao na juu tai wanaruka na vichwa vya maadui. Lakini vita haikumaliza kitu maana makubaliano yalikuwa Umma walime sehemu ya shamba walipe kwa shayiri kama mkopo, na mkopo una riba, na riba ikazaa riba. Mtawala wa Lagash aliyefuata baadaye, Enmetena, kama 2400 KK, ameliandika deni lile na ni kiasi ambacho hakuna shamba duniani lingeweza kukilipa hata lilimwe mpaka leo. Umma wakagoma, wakachepusha maji ya mifereji ya mpakani, vita tena. Zaidi ya karne moja watu wanauana kwa ajili ya mfereji na leja.

Mfalme wa mwisho wa nasaba ya kwanza ya Lagash alikuwa Uruinimgina, kama 2350 KK, na huyu mimi nampenda. Alikuta wakusanyaji wa kodi wako kila mahali, kwa mvuvi, kwa mchungaji, mpaka makaburini. Mtu akifa, yule anayesimamia mazishi anachukua mitungi 7 ya bia na mikate 420! Msiba wako, mikate mia nne na ishirini. Uruinimgina akatangaza marekebisho, ikashuka mitungi 3 na mikate 80. Angalieni hakufuta, amepunguza, na kiserikali hapo amejitahidi. Miaka michache tu Lugalzagesi wa Umma akaja akamchomea mahekalu yake.

Hata zile sheria maarufu za Hammurabi wa Babeli, karne ya 18 KK, sheria 282 kwenye jiwe jeusi, watu wanakumbuka jicho kwa jicho tu. Zimejaa mambo ya shamba. Mtu akiwa mvivu hakuimarisha tuta lake, likapasuka maji yakafunika mashamba ya wenzake, atalipa nafaka iliyopotea, na kama hana, yeye na mali zake watauzwa na wenye mashamba wagawane. Umeona ilivyo? Tuta la kwako ni la kwangu pia.

Kuna adui mmoja ambaye sheria hazikumuweza, chumvi. Ukimwagilia miaka mingi kwenye joto lile maji yanakauka chumvi inabaki, inapanda juu. Ndio maana shayiri inatawala kwenye leja zao kuliko ngano, shayiri inavumilia chumvi zaidi. Wenye skimu za umwagiliaji hapa mnajua naongelea nini, sitaendelea.

Haya, biashara, haraka haraka maana mwenyekiti ananiangalia. Nimesema nchi yao haina madini. Shaba walitoa Magan, na Magan ndio Oman ya leo pamoja na majirani zake, hukohuko ambako nusu yenu mna shangazi au binamu. Ilipita Dilmun, yaani Bahrain, inapanda Ghuba mpaka Uru. Kwenye 1750 KK hivi alikuwepo pale Uru mfanyabiashara wa shaba anaitwa Ea-nasir. Mteja wake Nanni kamuandikia barua kwenye kibao cha udongo, kiko makumbusho ya Uingereza London, kimejaa mbele na nyuma. Nanni analalamika: umeniahidi shaba nzuri, umemuwekea mjumbe wangu shaba mbovu ukamwambia ukitaka chukua hutaki ondoka, umemrudisha mikono mitupu kapita nchi ya maadui, unanidharau mimi? Kuanzia leo nitachagua mwenyewe kipande kimoja kimoja uani kwangu. Na hakuwa Nanni peke yake, kwenye nyumba inayodhaniwa ni ya huyo bwana zimekutwa barua nyingine za malalamiko. Alizitunza! Sijui alikuwa anazihifadhi kama karani mwema au alikuwa anazisoma jioni anacheka.

La mwisho. Mmeniuliza pale chai mbona sijaigusa Misri. Nagusa. Mafunjo ya zamani kuliko yote yenye maandishi yaliyopatikana Misri, yalichimbuliwa mwaka 2013 Wadi al-Jarf pwani ya bahari ya Shamu, ni ya enzi za Khufu mwenye piramidi kubwa. Yanasema nini? Mkaguzi mmoja anaitwa Merer anaandika siku kwa siku, leo tumepakia mawe Tura, leo tumelala njiani, leo tumeshusha Giza. Dafta la safari za mzigo.

Miaka kama 1,400 baadaye, mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses wa Tatu, kama 1157 KK, kuna kijiji kinaitwa Deir el-Medina, kijiji cha mafundi wanaochonga makaburi ya wafalme. Mafundi wa juu kabisa, mshahara wao ngano na shayiri kutoka ghala la serikali. Mshahara ukachelewa. Siku 18 za mwezi zimepita hamna kitu. Wakaweka patasi chini wakatoka, wakavuka vituo vya walinzi wakisema tuna njaa, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu la Thutmose wa Tatu. Huo ndio mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ulioandikwa duniani, na aliyeuandika ni karani wao mwenyewe, Amennakht, kanukuu hadi maneno: tumekuja hapa kwa njaa na kiu, hatuna nguo, hatuna mafuta, hatuna samaki, hatuna mboga, muandikieni Farao bwana wetu mwema.

Wakubwa wakahangaika, wakalipa mwezi uliopita. Mwezi uliofuata tatizo lilelile, wakatoka tena. Mpaka waziri mkuu, jina lake To, akatuma ujumbe kwamba msidhani nimewanyima, na kama ghalani kwenyewe hamna kitu nimewapa nilichokipata. Yaani dola yenye mahekalu yale ya Thebes, dhahabu ile mnayoiona kwenye picha, waziri mkuu anawaandikia mafundi kwamba ghalani huenda hamna. Alafu akasimama karani Hori akawaambia nusu ya posho imetolewa, nitawagawia mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Wakapokea nusu. Na baadaye wakatoka tena.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Maswali yaanze na yule mama wa koti jekundu, ameinua mkono tangu kwenye shaba.